AC ikinguruma, usikimbilie kununua kompresa

Swali: Habari mtaalamu. Nina Toyota Premio ya 2006, injini ya 1.5. Naishi Ntinda, Kampala, na karibu kila mwisho wa wiki naenda shambani Luweero, ambako kipande cha mwisho cha barabara ni udongo mwekundu mtupu. Nikiwasha AC kunatoka mngurumo mbele ya injini kama kinu cha mahindi, na nikikanyaga mafuta unapanda. Nikizima AC unapungua sana lakini haumaliziki. Halafu upande wa abiria, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kuna tik-tik-tik inayokwenda mbio kila nikiongeza feni. Gari likitembea baridi ni nzuri. Kwenye foleni hewa inakuwa vuguvugu. Fundi wa kwanza aliongeza gesi mwezi uliopita na hakuna kilichobadilika. Wa pili anasema kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, imekufa, ninunue nyingine. Nimwamini nani?

Jibu: Ndugu yangu, mpaka hapa hakuna aliyekupa sababu ya kutoa pesa. Umeeleza matatizo matatu, nao wanataka kuyatibu kwa dawa moja. Tik-tik ya nyuma ya dashibodi haihusiani kabisa na kompresa. Ni ya feni ya ndani. Vuguvugu la kwenye foleni linatokana na hewa isiyopita vizuri mbele ya redieta, au gesi iliyozidi, au yote mawili. Kuhusu mngurumo, neno lako "haumaliziki" lina thamani kuliko yote uliyoandika. Kompresa ya gari lako ina klachi: AC ikizimwa, sehemu za ndani za kompresa husimama kabisa, na kinachobaki kinazunguka ni puli ya mbele peke yake. Kelele inayoendelea wakati kompresa imelala haitoki ndani ya kompresa. Inatoka kwenye beringi ya puli, au mkanda, au kitu kingine kinachozungushwa na mkanda huohuo.

Kabla ya kumwita fundi wa tatu, tafuta mahali patulivu, asubuhi injini ikiwa baridi, ufanye kipimo cha dakika kumi. Kwanza zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, injini usiiwashe. Peleka feni namba moja, mbili, tatu, nne. Kelele yoyote utakayoisikia hapo ni ya ndani ya dashibodi, kwa sababu hakuna kingine kinachozunguka. Kisha washa injini, AC na feni zikiwa zimezimwa, fungua boneti usikilize. Halafu mtu mwingine awashe AC wakati wewe umesimama mbele ya gari: utasikia "tak" moja ya klachi ikishika, injini italemewa kidogo, na feni ya kondensa (kile kipoza gesi kilicho mbele ya redieta) itaanza. Mwisho akanyage mafuta mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika, AC ikiwashwa na kuzimwa mara mbili tatu. Andika ni hatua gani ilileta sauti gani. Karatasi hiyo itakusaidia kwa fundi kuliko maneno "inapiga kelele". Chunga tu shati, tai na mikono: feni ya kondensa hujiwasha yenyewe bila kukuonya.

Tuanze na tik-tik, ambayo ni rahisi. Kelele inayofuata kasi ya feni ni kitu kinachogusa mapanga ya feni: jani kavu, kipande cha karatasi, au mabaki ya kiota cha panya. Gari linalolala chini ya mwembe au mparachichi huingiza majani kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, nayo hushuka hadi kwenye feni. Fungua kisanduku cha dashibodi, bana kuta zake kwa ndani ili kishuke chote, na utaona mfuniko wa chujio la hewa. Vuta chujio. Ukilikuta limejaa vumbi jekundu au limetobolewa na panya, nunua jipya, usijaribu kulifua. Magari mengine ya Japani yaliuzwa bila chujio lolote, nafasi ipo tupu. Basi weka moja, ni kazi ya dakika tano. Feni yenyewe iko chini ya hapo, kwa kawaida imeshikwa na skrubu tatu na plagi moja ya umeme. Ishushe, itoe uchafu, zungusha kwa mkono. Ikizunguka laini bila kucheza, irudishe. Ikilia mluzi au shafti ikayumba, bushi zake zimekwisha. Tone la mafuta mepesi litanyamazisha kwa muda mfupi, lakini dawa ni mota nyingine. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu. Hukauka, yakavuta vumbi, na kelele hurudi kubwa zaidi.

Usichanganye tik-tik hiyo na nyingine isiyojali kasi ya feni, ambayo husikika sekunde kadhaa unapobadilisha joto kuwa baridi au unapowasha gari, kisha ikanyamaza. Hiyo ni mota ndogo inayofungua na kufunga vilango vya hewa, gia zake za plastiki zimevunjika meno. Na ukisikia maji yakichezacheza miguuni pa abiria unapokata kona, bomba la kutolea maji ya evapareta, kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi, limeziba. Liko chini ya gari, hupita kwenye ukuta wa injini. Lipulizie hewa polepole kutoka chini, au pitisha waya laini bila kusukuma kwa nguvu. Maji yasipotoka yatalowesha zulia na kukuletea harufu ya ukungu.

Sasa mngurumo. Katika injini yako, ambayo ni 1NZ-FE, mkanda unaozungusha kompresa ndio unaozungusha oltaneta (inayochaji betri) na pampu ya maji. Kwa hiyo washukiwa ni watatu au wanne, na wote hunguruma vilevile. Fundi makini huwatenganisha hivi: hulegeza bolti za oltaneta, hutoa mkanda, kisha huwasha injini kwa nusu dakika tu. Taa ya betri itawaka, usishtuke. Isizidi nusu dakika kwa sababu pampu ya maji imesimama. Kelele ikitoweka, mhalifu ni mmoja wa waliokuwa kwenye mkanda. Injini ikishazimwa, zungusha kila puli kwa mkono. Puli ya kompresa inatakiwa iende laini na kimya. Ishike juu na chini uitikise: ikicheza, au ukihisi kama kuna mchanga ndani, beringi imekwisha. Fanya vivyo hivyo kwa oltaneta na pampu ya maji. Angalia pia kama pampu ina alama ya maji yaliyokauka kwenye tundu lake dogo la chini. Hiyo nayo ingekuwa habari nyingine kabisa.

Hapohapo, mkanda ukiwa nje, zungusha sahani ya mbele ya klachi, ile iliyo katikati ya puli. Hiyo ndiyo iliyoungana na shafti ya kompresa. Inapaswa kugoma kidogo, kwa ulaini na kwa mapigo yanayolingana. Ikiwa imekwama, au inakwaruza, au inazunguka ovyo bila upinzani wowote, fundi wako wa pili ana haki. Ikiwa laini, kompresa bado ina maisha.

Kwa jinsi ulivyoeleza, dau langu ni beringi ya puli. Hiyo huzunguka muda wote injini inapowaka, AC iwake isiwake, na kelele huongezeka AC ikiwashwa kwa sababu mkanda hukaza na kuilemea. Kompresa imekaa chini mbele, tope na maji ya barabarani huipiga moja kwa moja; maji yakiosha grisi, vumbi huingia mahali pake. Jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja ni kwamba beringi hii hubadilishwa bila kugusa gesi hata kidogo. Kompresa haifunguliwi. Unatoa bolti ya katikati ya sahani, mara nyingi ya spana namba 10, unavuta sahani na kuhifadhi vile vishimu, vipete vyembamba vya kurekebisha pengo, vilivyo nyuma yake, unatoa klipu ya duara, puli inavutwa, beringi inasukumwa nje kwa presi. Nafasi ikiwa finyu, kompresa hufunguliwa bolti zake za kuishikilia na kusogezwa pembeni mabomba yake yakiwa yamefungwa vilevile.

Nenda dukani na beringi ya zamani mkononi. Vipimo vitatu ndivyo vinavyohesabika: tundu la ndani, kipenyo cha nje na upana, kwa mfano milimita 35 × 52 × 20. Iwe ya safu mbili za gololi, yenye sili za mpira pande zote. Kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, utapata ya kila bei. Yenye jina kubwa kwa bei ya karanga ni ya bandia, na itakurudisha kwa fundi upesi. Wakati wa kuingiza, presi isukume pete ya nje ya beringi, si ya ndani. Ukisukuma ya ndani unazitia gololi alama, na beringi mpya huanza kunguruma siku hiyohiyo. Hapo ndipo mtu huamini kwamba kweli ilikuwa kompresa. Kwenye puli nyingine beringi imebanwa kwa kingo za chuma zilizopigwa kwa patasi. Zirudishiwe, la sivyo itatembea.

Kurudisha sahani kunahitaji kipimo, na wengi hawapimi. Pengo kati ya sahani na puli, klachi ikiwa haijashika, liwe takriban milimita 0.35 hadi 0.6 kwa kompresa nyingi za Denso. Lipimwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo) sehemu tatu kuzunguka sahani. Pengo likiwa dogo mno, sahani hugusa puli hata AC ikiwa imezimwa na kutoa mkwaruzo mwembamba. Likiwa kubwa mno, sumaku ya klachi haina nguvu ya kuvuta vizuri: klachi inateleza, inalia "kwiii" inaposhika, sahani inageuka rangi ya buluu na kunuka moto. Tena kasoro hiyo hupenda kujitokeza foleni ikiwa ndefu, kwa sababu koili, waya wa sumaku hiyo, ikipata joto ukinzani wake hupanda na sumaku hulegea. Koili nzima ikiwa baridi hupima takriban omu 3 hadi 5. Pengo hurekebishwa kwa kupunguza au kuongeza kishimu, kisha bolti inakazwa kwa kiasi, Nm 13 hadi 18, si kwa nguvu zote za bega.

Mkanda wenyewe usiusahau. Huo haungurumi, hulia kwa sauti ya juu, hasa sekunde AC inaposhika. Nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji injini ikiwa inawaka, ukisimama mbali. Kelele ikipanda, mkanda umelegea na unateleza. Ikitoweka na kurudi baada ya muda mfupi, puli haziko kwenye mstari mmoja, au mkanda umechakaa. Ukifunga mpya, endesha dakika tano, zima, kagua ukazaji tena. Zile dawa za kupaka mkanda unyamaze zinaficha tatizo tu, na mpira unavimba.

Sasa gesi, na hapa nina ugomvi na fundi wa kwanza. Kuongeza gesi bila kujua iliyomo ni kiasi gani ndilo kosa linalofanywa zaidi kwenye AC za magari hapa kwetu, na lenyewe huzaa kelele. Gesi ikizidi, shinikizo la upande wa juu hupanda, kompresa husukuma mzigo usio wake na kutoa mvumo mzito; ikizidi zaidi, gesi iliyo kimiminika hurudi kwenye kompresa bila kugeuka mvuke, na hapo unasikia kugonga, maana kimiminika hakishindiliki. Vali huvunjika hivyo. Gari lako lilikuwa na baridi nzuri likitembea hata kabla ya kuongezewa; hiyo haikuwa dalili ya upungufu. Gesi pungufu ina lugha yake: klachi inashika na kuachia kila sekunde chache, "tak, tak, tak", na nyuma ya dashibodi unasikia "ssss" ndefu huku baridi ikiwa hafifu. Ile "ssss" ya nusu dakika baada ya kuzima AC ni ya kawaida, ni shinikizo la pande mbili linalosawazika.

Kipimo unachoweza kufanya mwenyewe bila geji ya shinikizo: AC ikiwa imewashwa, gari limesimama, mngurumo upo, mwagia maji polepole kwenye kondensa, mbele ya redieta. Mvumo ukipungua na hewa ya ndani ikapoa, kompresa ilikuwa imelemewa na shinikizo. Sababu ni tatu: gesi imezidi, feni haivuti, au kondensa imeziba vumbi. Tazama feni ya kondensa inaanza mara AC inaposhika, na inavuta kwa nguvu. Feni iliyochoka huzunguka lakini haivuti, na yenyewe hunguruma au kugonga kingo za plastiki. Kondensa ioshwe kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kuja mbele ukiweza. Waosha magari wenye pampu za shinikizo hulaza mapezi ya kondensa kwa dakika moja, na hewa haipiti tena.

Kwa geji, injini kwenye mizunguko 1,500, feni ya ndani juu kabisa, joto la nje nyuzi 27 hivi, mfumo wa R134a (gesi ya AC ya magari kama lako) ulio mzima husoma takriban psi 25 hadi 40 upande wa chini na psi 175 hadi 220 upande wa juu. Pande zote mbili zikiwa juu, gesi imezidi au kondensa haipoi. Upande wa chini uko juu na wa juu uko chini, kompresa haisukumi. Hiyo ndiyo hukumu halisi ya kifo chake.

Tiba ya gesi iliyozidi ni kuitoa yote kwa mashine ya kukusanya, si kuiachia hewani, kuvuta hewa yote kwa pampu kwa dakika 30 hadi 45, kisha kujaza kwa mizani. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari madogo ya aina hii mengi huchukua kati ya gramu 400 na 600, lakini fuata kibandiko, si makadirio yangu. Fundi asiye na mizani anabahatisha. Na muulize kopo lina nini: kuna gesi zinazowaka zinazouzwa kama mbadala wa R134a, na mfumo wa gari haukutengenezwa kwa ajili yake.

Jambo moja la huku kwetu juu: vitabu vya Ulaya na Japani husema pampu ivute hadi karibu inchi 30 za zebaki. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu yenyewe haifikii uzito huo. Geji ikisoma inchi 26 hapa, hewa imekwisha. Kabale, karibu mita 2,000, itasimama kwenye 23 au 24. Usikubali kuambiwa mfumo unavuja kwa sababu hiyo tu. Kinachopima uvujaji ni kufunga vali, kusubiri dakika 15, na kuona kama mshale unarudi.

Kwa hali yako, basi, fuata mpangilio huu: chujio na feni ya ndani leo, kuosha kondensa na kukagua feni yake, mkanda kutolewa na puli kukaguliwa, beringi, halafu gesi itolewe na kupimwa upya. Baada ya hapo, ukisikia bado mngurumo ambao upo AC ikishika tu na hutoweka kabisa ikizimwa, kaza kwanza bolti zinazoshikilia kompresa, hakikisha bomba la gesi haligusi bodi ya gari, ndipo uanze kuizungumzia kompresa yenyewe. Mafuta ndiyo yatatoa ushahidi: gesi ikishatolewa, fungua kiungo kimoja na pangusa kwa kitambaa cheupe. Mafuta safi, kompresa haijajisaga. Meusi yenye chembe zinazometameta, imejisaga, na chembe zimesambaa mfumo mzima. Hapo kubadilisha kompresa peke yake ni kutupa pesa: kondensa ya njia nyembamba haisafishiki ikaisha uchafu, hivyo inabadilishwa pamoja na kikaushio chake, vali ya upanuzi na oringi zote, na mabomba yanaoshwa kwa dawa.

Ukinunua iliyotumika, linganisha namba iliyo kwenye kibati chake, idadi ya mifereji ya puli na plagi. Kataa ambayo matundu yake yamekaa wazi, maana mafuta ya kompresa hunyonya unyevu wa hewa. Zungusha sahani kwa mkono kama nilivyoeleza. Mimina mafuta ya kompresa ya zamani kwenye kikombe cha vipimo. Yakitoka mililita 70, ile unayofunga nayo iwe na 70, hata kama ilikuja na 120. Mafuta ni PAG 46 kwa kompresa nyingi za aina hii, lakini soma kibati. Magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme hutumia mafuta tofauti kabisa, na PAG ndani yake huharibu kinga ya umeme. Hayo, pamoja na nyaya zake za rangi ya machungwa, mwachie aliyefunzwa.

Kompresa ikishafungwa, iwashe kwanza kwa dakika mbili injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, bila kukanyaga mafuta, ili mafuta yafike kila mahali kabla haijapewa kazi.